Kamera Ndogo Chini ya Buibui

Walinikata mkono kabla hawajasema neno. Nilikuwa nimetoka kupiga picha za kutiwa hina katika nyumba moja ya Tononoka, jua bado halijashuka, nimesimama kando ya uwanja nikingoja tuktuk na begi la kamera begani. Walikuwa watatu, vijana ambao ningeweza kuwazaa, na mmoja alibeba kitu kirefu kimefungwa gazeti. Nilidhani ni samaki. Alipiga mkanda wa begi, mkanda haukukatika, akapiga tena na mara hiyo panga lilinipata mkono wa kulia. Wa pili alinizaba kofi lililoniziba sikio. Mimi sikuzaliwa na subira. Nilimkamata wa tatu kidole, nikakiuma mpaka meno yakagusa mfupa, na mpaka leo nikikumbuka alivyolia nasikia raha. Begi walikwenda nalo. Wenye maduka walikuwa wameshateremsha milango yao ya mabati nusu, wanachungulia kwa chini, na nilichoweza kuona ni miguu yao tu.

Nilishonwa, nikarudi nyumbani Mji wa Kale na bendeji hadi kiwikoni. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu imevimba, maana figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua. Aliinuka kwa taabu, akaniangalia mkono, kisha akanizaba kofi shavu lile lile.

“Ungewapa,” alisema. “Nikuzike kwa sababu ya chuma?”

Baadaye alilia, nami nikalia pia, lakini changu kilikuwa kilio cha hasira. Kofi lake liliniuma kuliko la yule mwizi.

Kazi yangu ni kupiga picha upande wa wanawake. Asiyezijua harusi zetu anahitaji kuelezwa. Bibi arusi anapopambwa na kutolewa mbele ya watu, hakuna mwanamume ndani, na wanawake huvua mabuibui, wakabaki na nguo za mikono wazi, nywele zimetengenezwa, wakacheza watakavyo. Mlangoni hukaa mtu na kikapu, na kila simu huingia kikapuni. Kamera inayoruhusiwa ni yangu peke yake, na inatakiwa iwe kubwa, ionekane, itoe mwanga wa flashi, ili kila mtu ajue saa anayoelekezewa. Asiyetaka kupigwa huvuta mtandio akajifunika uso, nami naigeuza lenzi kwa mwingine. Kazi ikiisha naichomoa kadi ya picha mbele ya mama wa bibi arusi na kumkabidhi mkononi kabla sijavaa buibui langu. Sibaki na kitu. Wako wapiga picha wenye macho makali kuliko mimi, lakini mimi ninaaminiwa, na katika mji huu kuaminiwa ndiko kunakonilisha.

Kwa kazi nilikuwa na kamera nyingine kubwa, kuukuu, ikanitosha. Lakini ile ilitoka nyumbani kwa tuktuk na kurudi kwa tuktuk, mlango hadi mlango, nami ni mtu niliyezoea kutembea na kamera kila siku, kwenda sokoni, kwenda kwa fundi cherehani, kumsindikiza mama hospitali. Nilitaka kamera ya pili, ndogo, ya kukaa nami chini ya buibui asiione mtu yeyote mwenye gazeti refu mkononi. Tena vidole viwili vya mkono wa kulia havikufunga sawasawa baada ya kushonwa. Kitu kizito kilinichosha upesi.

Nilikwenda duka moja la kamera mjini, la jamaa mmoja Mgiriama, mzungumzaji sana, mpole, ambaye nilimzoea kwa sababu hunisafishia lenzi. Nilimwambia nataka ndogo kuliko zote alizonazo, lakini sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, iwe ya fremu kamili, yaani pana sawa na kipande cha filamu ya zamani. Aliniuliza kwa nini nisichukue zile za kawaida, nyepesi, za watalii. Nikamwambia nyumba zetu zina giza, vyumba vya ndani havioni jua hata saa sita mchana, na flashi ndani ya chumba cha mgonjwa ni utovu wa adabu. Sensa pana huona pale ambapo ndogo hukoroga rangi kama uji.

Aliweka mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa ya fedha, nzuri kama kidani, lenzi yake yatoka na kubadilishwa, ila haina kitundu cha kuchungulia. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene kidogo, lenzi imefungwa humo humo milele, nawe ukitaka kusogeza mtu karibu unatumia miguu. Ilikuwa na kitundu. Aliisifu ya fedha mpaka nikachoka. Nikamwambia nitazijaribu kwa njia yangu. Niliitia ya fedha chini ya buibui, nikafunga kamba yake mkononi, nikamwambia aje aninyang'anye. Alicheka, akadhani ninatania. Nilipomshika shati na kumvuta alijua sitanii, akaanza kuvuta kwa aibu, wateja wakituangalia. Lenzi ya fedha ilinasa kitambaa na kutoka nusu. Ile nyeusi haikunasa popote. Alivuta mpaka jasho likamtoka, kisha akaniomba basi.

Alinieleza mambo mawili, na ni haki yake niyaseme. Kwanza, ile nyeusi unaweza kuinyamazisha kabisa, ipige bila mlio wowote, hata mwenyewe usijue kama imepiga isipokuwa uangalie skrini. Hilo lilinifurahisha. Pili, ina nafasi ya kadi moja tu, wakati kamera zangu za kazi huandika kadi mbili kwa mpigo, moja ikiharibika nyingine ipo. Akanionya nihamishie picha kwenye kompyuta kila jioni. Nikamwambia hiyo si ya kazi, ni ya kutembea nayo tu. Nilipofika nyumbani niliziba jina la kampuni na kile kitaa chekundu cha mbele kinachowaka, kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Ilibaki kipande cheusi kisicho na maana kwa yeyote.

Siku chache baadaye nilikuwa Feri, kivukoni, asubuhi, kwenye ule mteremko wa upande wa kisiwani, nikasikia kelele za watu wanaofukuza. Kijana alikuwa amechomoa simu, au walisema amechomoa. Walimkamata mbele ya wauza mihogo. Nimeona watu wakipigwa, lakini sijaona kwa karibu vile. Mtu aliyevaa shati la ofisi, limepigwa pasi vizuri, alimpiga na tofali. Mwingine alikuwa na mnyororo wa baiskeli. Mama mmoja alimtia teke la mbavu kisha akaokota kikapu chake. Damu ilikuwa imeshafika kwenye mtaro na mtu alishatumwa akatafute tairi. Mimi nilisimama na kamera kifuani, chini ya mtandio, kidole kinabonya na kubonya, wala haikutoa sauti hata moja. Sikumwonea huruma. Mkono wangu ulikuwa ukiniwasha, nikawaona wale watatu wa Tononoka ndani yake, na kila tofali nililiona limechelewa.

Kilichomwokoa ni feri. Geti lilipofunguliwa, waliokuwa wakimpiga walikumbuka kwamba wanachelewa kazini. Walitupa mawe, wakajifuta mikono, wakakimbilia kupanda. Yule wa shati la ofisi alikimbia ameshika tai yake isipeperuke. Kijana alibaki chini, anapumua kwa mapovu, na muuza mihogo akammwagia maji.

Mama aliziona picha zile jioni. Nilimpa kamera mwenyewe, nilitaka aone jinsi inavyoona vizuri. Alizipitisha moja moja kwa kidole mpaka mwisho. Akaniuliza nilisema nini wakati wote ule. Nikamwambia neno langu lingefanya nini mbele ya matofali, wangenigeukia na mimi, na hata hivyo ni mwizi. Alianza kunitukana, na mama akitukana alijua kwenda mbali, alifika hadi kwa babu wa baba yangu. Niliinuka nikitaka kutoka. Akanishika ule mkono mbovu, akaubana penye mshono, akanirudisha chini.

“Kama una mato ya kumtezama mtu yuwauawa,” alisema, “nitezame mimi.”

Lazima nieleze mama alikuwa mtu gani. Maisha yake yote hakukubali picha. Harusi zote nilizopiga, ndugu, majirani, yeye alikuwa nyuma ya mtandio wake. Mimi binti yake, mpiga picha, sikuwa na sura yake hata moja. Na sasa alivua kitambaa kichwani, akaachia nywele, akanikazia macho kama anayetaka kupigana.

Nikaanza usiku ule ule, na sikuacha. Nilimpiga picha miguu ikiwa ndani ya beseni. Nilimpiga akipakwa mafuta ya nazi, na siku za kusafishwa damu, amelala ubavu anaiangalia mashine kwa dharau. Ugonjwa ulimfanya mkali kuliko alivyokuwa. Alimpiga nesi kibao. Alinitupia kikombe cha chai kwa sababu nilimletea dawa mapema, nikakipata kikombe kikiwa hewani, chai imejitenga nacho, na nyuma yake uso wake, mdomo wazi, mzuri kupita vyote nilivyowahi kupiga. Kamera haikutoa sauti, kwa hiyo hakuacha kuwa yeye mwenyewe. Nilikuwa nikisema nitazihamishia kompyuta kesho. Kila siku nilisema kesho.

Alikufa alfajiri, ananigombeza kwa habari ya dirisha.

Baada ya maziko sikuweza kuzifungua. Kadi ilibaki ndani ya kamera, na kamera ikabaki kiunoni mwangu chini ya buibui, kila nilikokwenda. Sikuipigia kitu. Nilikuwa ninambeba tu, nisimwache nyumbani peke yake. Najua ni upuuzi, lakini aliyefiwa haulizwi.

Kisha ikaja kazi, nyumba moja kubwa ya Mji wa Kale, kupambwa kwa bibi arusi, baada ya magharibi. Mlangoni niliombwa simu, nikaitia kikapuni. Hakuna aliyeniuliza habari ya kamera kwa kuwa mimi ndiye mwenye kamera, na mimi mwenyewe sikuikumbuka ile ndogo, kama mtu asivyokumbuka kuwa amevaa saa. Ndani kulikuwa na joto la kuvukiza mtu. Nilivua buibui, nikakifungua kipochi cha kiunoni nipate kuchomoa baadhi ya betri za flashi zilizokuwemo humo humo, nikakiweka juu ya kiti. Kipochi kilibaki wazi, na lenzi ikawa imeuelekea uwanja wa kuchezea.

Muda si mrefu nikasikia taarabu imezimwa katikati. Mwanamke mmoja alikuwa ameiinua ile kamera juu, skrini yake inawaka. Swichi ilikuwa imejiwasha, sijui kwa kidole changu au kwa betri.

“Hii ni ya nani,” aliuliza, “na mbona imezibwa jina?”

Nikasema ni yangu. Sikumaliza. Kofi la kwanza lilitoka kwa yule yule, la pili sikuona limetoka wapi. Nilishikwa nywele kutoka nyuma. Mtu alinivua mtandio, mtu akanipiga na kisigino cha kiatu juu ya nyusi. Nilisikia watu wakisema mpelelezi, mwizi wa sura za watu, na wengine walikuwa wateja wangu, niliowapiga picha siku zao za harusi. Sikuomba msamaha. Nilimpiga wa kiatu ngumi ya mdomo, meno yakanipasua vidole, na tukaanguka pamoja juu ya sinia la sambusa. Tulipigana vibaya. Tulipigana kwa kimya cha ajabu, kwa sababu nje barazani walikuwa wamekaa wanaume na hakuna aliyetaka wasikie.

Aliyetutenganisha ni somo wa bibi arusi, mwanamke mzee, mnene, aliyekuwa akimfunda bibi arusi wiki nzima. Alinikalisha chini kwa kunibana shingo, akaichukua kamera, akataka kuoneshwa picha. Nikabonya. Alitokea mama. Mama na beseni, mama na nywele, mama na kikombe hewani. Wanawake walisogea. Wengi walimjua, wengine walimwosha maiti yake. Nilisikia mmoja akisema kwa sauti ndogo, maskini. Nikadhani yamekwisha.

Lakini mama hakuwa mwisho. Ziliendelea. Giza, kitambaa cha ndani ya kipochi, giza tena, kisha taa, kisha mkono na bega la mwanamke anayecheza, na uso wake umegeuzwa nusu. Kitufe kilikuwa kimebanwa na betri iliyobaki, na kamera imepiga yenyewe, kimya, kama nilivyoinyamazisha. Poda ilikuwa imefutika kwa jasho. Kwenye bega kulikuwa na alama nyeusi za vidole, vinne vimepangana, na chini yake ya zamani zaidi imekuwa ya manjano. Sensa ile huona gizani.

Mwenye bega alikuwa amesimama mbele yetu. Mwanamke mdogo, sauti yake nyembamba. Alijifunika haraka, lakini sote tulikuwa tumeshaona.

“Mume wangu akijua kuna mtu aloliona bega hili,” alisema, “simalizi wiki.”

Nilisema nitaifuta sasa hivi, mbele yake. Somo akatikisa kichwa. Akasema kilichofutwa hurudi, wajukuu zake hurudisha vitu kwenye kadi kila siku, na mji huu hauna siri ya wanawake iliyowahi kulala ndani ya kadi ikaamka salama. Nikamwambia ndani ya hiyo hiyo yumo mama yangu, na sina kwingine. Sikusema kwa unyenyekevu, nilisema kwa kutaka kurudia kupigana. Nikamwomba niende nayo nyumbani nihamishe za mama tu. Yule mwanamke mdogo alizidi kuukaza mtandio begani. Alikuwa akinitazama usoni, na nilijua anachokiona, mtu aliyeingia mahali pao na kamera iliyozibwa jina, anataka kuaminiwa mara ya pili ndani ya saa moja.

Somo aliitoa kadi mwenyewe, akaniwekea kiganjani.

“Amua wewe,” alisema. “Mimi simvunjii mtu mamake.”

Nilikaa nayo. Ni kitu chepesi mno, kama ukucha. Nikamchukia somo, nikamchukia mwenye bega, nikamchukia mumewe ambaye sijamwona. Nikaichukia kamera kwa ubora wake. Kisha niliinuka, nikaenda jikoni, wakanifuata hadi mlangoni. Kulikuwa na kinu kidogo cha kutwangia kitunguu thomu. Niliitia kadi, nikashika mchi kwa mkono wa kulia, na vile vidole viwili vilikataa kukaza, ikabidi nishike kwa mikono miwili. Pigo la kwanza liliteleza. La pili liliipasua. Sikuacha mpaka ikawa unga mweusi uliochanganyika na maganda ya thomu, na mtu akanishika mabega akaniambia basi, mwanangu, basi.

Bibi arusi alikuwa bado hajatolewa. Nilinawa damu, nikafunga nywele, nikawasha flashi na kuendelea na kazi. Picha nyingine zilitoka zimetikisika na hakuna aliyelalamika.

Nyumbani nilitafuta kila droo. Kitambulisho chake tulikwisha kukirudisha kwa serikali tulipochukua cheti cha kifo, na picha nyingine hakuwa nayo duniani. Nilipiga ukuta mpaka jirani akagonga. Nilikuwa nimemtoa mama yangu ili mwanamke nisiyemjua arudi salama kwenye nyumba inayompiga, na sikuona hata chembe ya wema ndani yake, wala leo sioni.

Alikuja mwenyewe, miezi imepita, alasiri moja, buibui na ninja, kile kitambaa cha uso, vimemfunika hadi kope. Alipiga hodi, tukasalimiana kwa kirefu, akaulizia afya, nikamjibu. Hakutaka chai. Aliuliza kama ile kamera bado ninayo. Nikasema ipo.

Alipanda hadi chumba cha mama kwa kuwa ndicho chenye kitasa cha kufunga kwa ndani. Alivua ninja. Jicho moja lilikuwa limezibika na midomo imepasuka mara mbili, mpya juu ya ya zamani. Akavua buibui, akakaa kitandani, akaanza kufungua vifungo vya mgongo, na aliposhindwa nikamsaidia.

“Nataka uniweke pichani,” alisema. “Uniweke mahali pawili nisipotee, na hizo picha nitampelekea kadhi mimi.”

Nilitia kadi mpya. Mlango nilikwishaufunga. Chumba kilikuwa na giza lake la siku zote, na sikuwasha taa, wala sikuhitaji kupima mwanga. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye vipimo nilivyompigia mama, vile vile, kwa ule mwanga, kwenye kile kitanda, nami nikamwambia anitazame.